Sauti Yangu Inafika Shuleni Kabla ya Mtoto

Shangazi Kunigunda, shikamoo. Kama tumelingana umri basi mfikishie mama yako, maana mimi nimeshaitoa na salamu hairudishwi mfukoni. Nimekuwa nikikusikiliza redioni kila nikichambua kahawa, nacheka matatizo ya wenzangu, nasema hawa watu nao, sasa leo zamu imenifikia mimi na sicheki tena. Binti yangu Beata, anayesoma darasa la pili, hataki niende shuleni kwao Ijumaa ijayo kumsikiliza akisoma. Wazazi wote wameitwa. Mimi nimekataliwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe, na sababu ni sauti yangu.

Ukiisoma hewani usitaje jina langu, ingawa huku kwetu hata ukinificha ndani ya gunia watanijua. Na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Mimi ni mzaliwa wa ziwani, upande wa Liuli, nimeolewa huku juu milimani, njia ya Litembo, na kule kwetu ufukweni mtu akitaka kumwita aliye kwenye mtumbwi anasimama kwenye mchanga anaita, upepo ukiwa mkali anaita zaidi, mama yangu alikuwa anamwita baba aje kula na baba anageuza mtumbwi, basi na mimi nikakua na kifua hicho hicho. Nilipoletwa huku nikakuta milima imetazamana kama wakwe waliogombana, shamba letu la kahawa liko mlima huu, shule iko mlima wa pili, katikati ni bonde ambalo kwa miguu unashuka mpaka magoti yatetemeke na unapanda mpaka ulimi utoke nje, lakini kwa macho, Shangazi, shule iko hapa hapa, naona mstari wa asubuhi, naona nani kachelewa, naona hata soksi zilizoshuka. Sasa mama gani anaweza kumwona mwanawe hajavaa sweta Julai hii, na baridi ya Mbinga unaijua, halafu akanyamaza?

Sikunyamaza. Niliita, "Beataaa! Vaa swetaaa!" na akavaa, nikaona kumbe inafanya kazi. Kesho yake ukungu ulifunga bonde lote sikuona kitu, lakini nilijua tu hajavaa, nikaita hivyo hivyo ndani ya ukungu, na baadaye nikaambiwa darasa la pili lote lilivaa sweta na mwalimu mkuu akafunga vifungo vya koti. Siku nyingine walikuwa mstarini wanaimba wimbo wa taifa nikamwona anajikuna, nikaita, "Acha kujikunaaa!" na wimbo ukakatika katikati. Hiyo nakiri nilikosea, ningesubiri wamalize.

Majirani nao badala ya kunikanya walinifanya mnara wa simu. Mama Placidi anapanda mpaka shambani kwangu na kikapu cha maharage: "Mama Beata wee, nisaidie, mwambie Placidi akitoka shule apitie kwa babu yake achukue jembe." Naita. Mama Frederick naye mbuzi wake amekata kamba kaingia bustani ya shule: "Jirani, wewe una kifua, waambie wamkamate." Naita. Sasa hata mimi mwenyewe nikikaa asubuhi nzima bila kuita naona kama kuna kazi nimeisahau.

Lililoniponza ni hesabu. Siku hiyo darasa la pili walitolewa nje wakae juani, maana darasani kuna baridi, na watoto wanarudia swali la mwalimu kwa pamoja, sauti zao zinapanda mpaka huku: "Kumi na sita toa tisaaa!" Kisha kimya. Nikamwona Beata amesimamishwa. Kimya tu. Shangazi, kimya kile kilinila moyo, nikaweka kikapu chini nikaita, "Naneee!" Watoto wote wakaandika nane. Baadaye nilihesabu kwa punje za kahawa nikakuta ni saba.

Mwalimu wao, Mwalimu Hamphrey, akaniita. Ni kijana mpole, naye ni mtu wa ziwani kama mimi, sijui yeye kifua chake alikiacha wapi, anaongea kama mtu anayemnyatia kifaranga. Mwanzoni nilikuwa nasema huyu hajala. Lakini siku ile nilimkuta darasani anafundisha na watoto wote wameinama mbele wamsikie, hakuna anayepiga kelele, mpaka mimi mwenyewe nilipobisha hodi nikanong'ona.

"Mama Beata," akaniambia, "sikukuita kwa ajili ya ile nane."

"Asante, mwalimu."

"Ingawa ile nane tunaifuta mpaka leo."

Nikatazama chini.

"Beata anajua kusoma," akasema. "Anajua na hesabu. Ila nikimwuliza kitu, kabla hajafungua mdomo anaangalia dirishani, anaangalia mlima. Nikamhamisha dawati, nikamweka upande wa ukuta. Sasa anaangalia ukuta."

"Anaangalia nini huko, mwalimu?"

"Haangalii, mama. Anasikiliza. Anasikiliza kama kuna mtu anakuja kumgombeza akikosea."

Nilirudi nyumbani nimenuna, njia nzima nasema mwalimu ananionea, mbona mimi na mwanangu tunasoma kila jioni. Na ni kweli tunasoma, lakini acha nikueleze tunavyosoma. Ugali uko motoni, mdogo wake analia mgongoni, kahawa ya leo haijamenywa, ndipo nasema haya lete kitabu. Anasoma neno la kwanza, la pili anasita, na mimi mdomo umeshafunguka: "Soma! Hilo neno si jana tulilisoma? Unaniangalia nini, nimekuzaa uniangalie?" Basi anaufunga mdomo, na akishaufunga huwezi kuufungua hata kwa patasi. Nikipandisha sauti yeye anashuka, nikipandisha tena anashuka zaidi, mwisho ugali unaungua na tunakula tukiwa tumenuniana wote.

Jumamosi natoka kuteka maji nikasikia mtu anasoma jikoni. Anasoma vizuri, anapumzika penye nukta, nikafikiri tumepata mgeni. Nikachungulia. Ni Beata, ameketi mbele ya kuku wangu anayeatamia, amemfungulia kitabu. "Umeelewa?" anamwuliza kuku, sauti ya Mwalimu Hamphrey kabisa. "Usijali, tutarudia. Hatuna haraka." Kuku ametulia, anapepesa macho. Mara jogoo akaingia kutafuta punje, Beata akasimama, akaweka mikono kiunoni, akapasua jiko zima: "Na wewe! Unaniangalia nini, nimekuzaa uniangalie?" Jogoo alitoka mbio mpaka kwenye migomba. Nilicheka hadi ndoo ikamwagika, halafu nikiwa nimelowa pale mlangoni nikaacha kucheka, kwa sababu niliona jambo. Kuku alikuwa amepewa mwalimu. Jogoo alikuwa amepewa mimi.

Sasa hiyo Ijumaa. Kila mtoto wa darasa la pili anakwenda na mtu mzima mmoja wa nyumbani, wanakaa wawili wawili, mtoto anamsomea. Nimeshafua kitenge changu cha kanisani. Juzi Beata akaja taratibu, akasimama mbali kidogo, akasema:

"Mama, naweza kwenda na bibi?"

Bibi ni mama mkwe wangu, Bibi Tadea, mzee wa watu, macho yake yameingia ukungu na shule hakupita hata kwenye ua wake.

"Bibi hajui kusoma, Beata. Hata ukikosea hatajua."

"Ndiyo, mama. Lakini ananisubiri."

Shangazi, nilikikunja kile kitenge nikakirudisha sandukuni. Mimi, mwenye la kujibu kutoka mlima mpaka mlima.

Nilipomwambia mume wangu Stephano, alisema, "Mwache aende na bibi, wewe si utasikiliza kutoka shambani? Ukitaka kuchangia utachangia." Siku hiyo nilikuwa nimepika usipa, wale dagaa wa kwetu, niliotumiwa na mama kutoka ziwani. Alikula ugali na mchuzi mtupu.

Mama Placidi yeye ananiambia, "Usimsikilize huyo mwalimu, utamlegeza mtoto, sisi si tuligombezwa na tukakua?" Na kweli tumekua, lakini mimi mpaka leo nikiitwa ofisi yoyote jasho linanitoka kabla sijajua nimeitiwa nini. Wala usinifikirie kuwa sina subira. Ulizia kahawa yangu. Stephano akinihimiza niitoe mapema kwenye ndoo ninamoilowekea namwambia kahawa haigombezwi, ukiitoa kabla ya wakati inabaki na utelezi, ukiisahau inanuka, inataka ukae nayo. Naigeuza kwa kiganja kwenye meza ya kuanikia, ukungu ukishuka naifunika, nachambua punje moja moja mpaka kwenye chama cha ushirika wananitolea mfano. Mtu wa hivyo hana subira kweli? Ila nimechoka, Shangazi. Naamka nimechoka. Nikisema taratibu naona kama hakuna atakayenisikia, wala mtoto, wala baba yake, wala jogoo.

Nifanye nini? Niende tu Ijumaa kwa sababu mama ni mimi? Nimwachie bibi nikae nyumbani nilie? Na hii sauti niipeleke wapi?

Ni mimi,
Mama wa Ng'ambo ya Bonde


SHANGAZI ANAJIBU

Mama wa Ng'ambo ya Bonde, marahaba. Ya mama yangu nimemfikishia, anasema umri wako haujui lakini habari zako alishazisikia bila redio.

Nimecheka. Nimecheka mpaka fundi mitambo akanionyesha kidole mdomoni, halafu nikafika kwa jogoo, nikaacha kucheka pale pale ulipoacha wewe. Kwa hiyo nitakugombeza, tena nitakugombeza kwa sauti ya chini, uone kwamba inawezekana.

Tuanze na sweta. Sweta haliamrishwi kutoka mlima wa pili. Linavalishwa mlangoni, unamfunga kifungo cha juu, unamwambia ukisikia joto vua, imekwisha. Tatizo lako ni macho. Yanafika ambako miguu yako haijafika, nawe ukadhani kila unachokiona ni lazima ukitengeneze. Mwanangu, shule ni mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kukosea mama yake akiwa hayupo. Ulipoita ile nane ulidhani unamwokoa. Kile kimya kilikuwa cha kwake, alikuwa anakihitaji, na Mwalimu Hamphrey alikuwa anakisubiri pamoja naye. Wewe ukakimwagia maji kutoka ng'ambo. Na bado ukakosa!

Mtoto anayegombezwa kila akikosea haachi kukosea, anaacha kusema. Ndiyo maana darasani anaangalia mlima na nyumbani anaangalia mdomo wako. Kusoma anajua, kuku ni shahidi. Anachokosa ni mtu wa kumngojea neno la pili lije. Huyo Mama Placidi anayesema mligombezwa mkakua, umeshamjibu mwenyewe kwa lile jasho la ofisini. Unataka Beata naye arithi jasho hilo?

Na usiniambie kwamba kusema taratibu ni kulegeza. Mwalimu wako ananong'ona na darasa zima limeinama kumsikiliza. Hakuna ulegevu pale. Beata akiambiwa aoshe sahani, aoshe. Hapana yako ibaki hapana. Iseme mara moja, karibu naye, umetulia, kisha usimame palepale usiondoke. Ukitaka kumwambia Beata kitu, kwanza mfikie mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa. Kama ni mbali mno kumfuata, basi neno lenyewe halikuwa na haraka.

Sasa subira. Unaniuliza kama mtu wa kahawa ile anaweza kukosa subira. Unayo, tena nyingi, tatizo unaimalizia yote kwenye meza ya kahawa, jioni mtoto anakuta chungu kitupu. "Kahawa haigombezwi, inataka ukae nayo." Hayo ni maneno yako, nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Beata amekosa nini hata apewe subira pungufu kuliko kahawa?

Basi mlete huko huko mezani. Kitabu kisifunguliwe tena jikoni ugali ukiwa motoni. Akirudi shule, kabla jua halijaenda, wewe chambua, yeye asome. Macho yako yawe kwenye punje, usimtazame mdomo. Akisita, okota punje mbovu. Akizidi kusita, okota nyingine, meza ni kubwa. Akikuuliza neno, mwambie kwa sauti ile unayoombea nafasi kwenye benchi kanisani misa imeshaanza. Akimaliza, sema asante. Usije ukasema "umeona sasa, si ungesoma hivyo tangu jana." Najua litakuja mpaka kwenye meno. Limeze.

Na wewe Stephano, najua unasikiliza, maana sidhani mkeo aliweza kuandika barua hii kwa siri. Wakati huo wa kusoma, mtoto mdogo ni wa mgongo wako. Utani wako ulikuwa mzuri na usipa ulistahili kuukosa. Mwanamke anayeamka amechoka hahitaji mchekeshaji, anahitaji mtu wa kumenya kahawa.

Kuna siku utashindwa, mama. Utapiga kelele, kwa sababu uchovu ni wa kweli na ngozi si chuma. Siku hiyo, sauti ikishashuka, mfuate umwambie: "Beata, nimekupigia kelele kwa sababu nimechoka. Hukuwa na kosa." Hutapungua hata kipande. Nami nakuhakikishia atakuwa ameyangoja maneno hayo kuliko zawadi.

Ijumaa usiende kwa nguvu. Mama anayeingia darasani kwa nguvu ameshapiga kelele kabla hajafungua mdomo. Msomeshe hapo mezani siku hizi chache, kisha mwombe, sikiliza vizuri, nimesema mwombe: "Ningependa kuja nikae nisikilize. Unaniruhusu?" Akikubali, vaa kitenge chako, kaa kwenye kile kiti kidogo magoti yakiwa masikioni, na uchambue kahawa kichwani mpaka ukurasa uishe. Akisema bado anataka bibi, basi ni bibi, na usinune. Mshike mama mkwe mkono, umshushe bondeni, umpandishe ng'ambo mpaka kwenye ua wa shule, urudi zako. Mzee amekushikia nafasi bila kukudai neno, mshukuru. Siku hiyo usichume upande unaotazama shule. Shamba lenu lina mgongo, nao una kahawa. Beata akirudi mwulize walisoma nini. Akianza kukusimulia, zamu yako imeshafika.

Kuhusu sauti, usiitafutie dawa, hiyo ni mali ya urithi. Iweke akiba ya nyoka, ya moto, na ya mtoto anayesogelea maji marefu, ili siku utakapoitoa Beata asimame hapo hapo kwa kuwa hajaizoea. Mama Placidi akija na habari za jembe mwambie mnara umezimwa. Mbuzi wa Mama Frederick akafuatwe na Mama Frederick, ana miguu.

Na asubuhi ukiwa shambani utaangalia shuleni tu, nakujua. Ukimwona mstarini, weka kikapu chini, funga mdomo, inua mkono umpungie. Siku za kwanza hatakupungia, atakuwa anasubiri maneno yafuate. Wewe punga tu, kisha endelea kuchuma. Siku moja ataangalia mlima, ataona mkono peke yake, na atageuka kumsikiliza mwalimu.

Mimi wako wa sauti ya chini,
Shangazi Kunigunda